Nilianza gobore kwa kuosha

Siku ya kwanza nilipewa ndoo. Nilikuwa nimekwenda uwanja wa shabaha na picha yangu kichwani: moshi mweupe, mlio mzito, na mimi nimesimama wima kama askari wa kwenye michoro ya zamani. Mzee aliyekuwa akiwafundisha wageni alinitazama kuanzia viatu hadi kofia, akaniuliza kama nina haraka ya kwenda popote. Nikamwambia sina.

"Basi vizuri, mwanangu. Hili limeshamaliza kazi yake leo. Lioshe."

Akaniwekea mezani gobore lililokuwa bado na joto, ndoo ya maji ya uvuguvugu, kipande cha sabuni na rundo la vitambaa vya pamba vilivyokatwa mraba. Akaniacha hapo, yeye akaenda zake kivulini.

Niliosha karibu saa nzima. Mikono ilitoka myeusi hadi kwenye viwiko, na shati langu lilinuka mayai viza mpaka nilipofika nyumbani. Hata hivyo, leo mtu akiniuliza aanzie wapi kwenye mchezo huu, namjibu: omba uoshe la mwenzio kabla hujanunua la kwako. Kama kazi hiyo itakukera, umeokoa fedha nyingi kwa gharama ya shati moja. Kama utajikuta unachungulia ndani ya mtutu kuona kama umeng'aa, karibu, umeshaanza.

Gobore, au gobori kama wengine wanavyolitamka, ni bunduki ya kushindilia. Haina mlango nyuma wala haijui ganda la risasi. Kila kitu kinaingilia mdomoni: baruti kwanza, kisha risasi, kisha unashindilia kwa mdeki, ile fimbo ndefu inayolala chini ya mtutu. Najua neno lenyewe masikioni mwa wengi lina harufu ya ujangili na bomba la maji lililofungwa kwenye ubao. Hilo ni jambo jingine, na nitalirudia kidogo. Ninayoyasema hapa ni bunduki zilizotengenezwa na viwanda vinavyojua kazi yake, nyingi zikiwa nakala za bunduki za karne ya 18 na 19, zinazopigwa uwanjani na watu waliokubali kwa hiari yao kutumia dakika mbili au tatu kupata mlio mmoja.

Kuna aina mbili ambazo mgeni atakutana nazo. Ya kwanza na ya kale zaidi ni ya gumegume. Kabla neno hilo halijageuka kuwa kejeli ya mume asiyefaa kitu, lilikuwa jina la jiwe: kipande kigumu chenye ukingo mkali, kinachobanwa kwenye taya za nyundo ya bunduki. Ukivuta kifyatulio, jiwe linakwaruza bamba la chuma, cheche zinaanguka kwenye kisahani chenye baruti laini, moto unapenya kwenye kitundu ubavuni mwa mtutu, na baruti ya ndani inawaka. Ya pili ni ya fataki. Hapo nyundo inagonga kikofia kidogo cha shaba kilichovikwa juu ya chuchu ya chuma, na ndani ya kikofia hicho mna dawa inayolipuka kwa kugongwa.

Mwanzo wa fataki ni kisa ninachokipenda. Alexander John Forsyth, mchungaji wa kanisa huko Scotland, alikuwa mwindaji wa ndege. Ndege walikuwa wakiuona mwako wa kisahani na kutoweka kabla risasi haijatoka mtutuni. Mchungaji akakaa na kemikali zake, na mwaka 1807 akapata hataza ya mtambo unaowasha baruti kwa dawa ya kugongwa. Kikofia cha shaba kilikuja baadaye, lakini wazo ni lake. Nusu karne haikupita kabla majeshi makubwa ya Ulaya hayajaacha jiwe.

Mgeni aanze na fataki. Nasema hivyo mimi ambaye moyo wangu uko kwenye gumegume. Jiwe lina vituko vyake: likizeeka halitoi cheche, likikaa vibaya linagonga kombo, upepo ukivuma unapeperusha baruti ya kisahani. Ukiwa bado hujajua kushindilia sawasawa, hutajua kama kosa ni lako au la jiwe. Fataki inakuondolea fumbo moja, na mafumbo yaliyobaki yanatosha.

Kabla ya baruti kuna sheria, na hapa hakuna jibu moja. Marekani, sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 inaliweka gobore la kawaida kwenye fungu la silaha za kale hata kama limetoka kiwandani jana, mradi lisiweze kutumia risasi za ganda, ila majimbo yanaongeza masharti yao juu yake. Ujerumani mtu mzima anaweza kununua gobore la fataki la kupiga risasi moja bila kibali cha silaha, lakini baruti yenyewe hauziwi mpaka awe na kibali cha vilipuzi. Uingereza gobore la kupigia shabaha linataka cheti, na baruti inataka cheti chake pekee. Kwingineko kwingi hakuna nafuu yoyote: gobore ni bunduki, na kukutwa nalo bila leseni ni kesi ya jinai. Kwa hiyo safari ya kwanza ni ya kwenda kwa mamlaka inayohusika na silaha pale unapoishi, na ya pili ni ya kwenda kwenye klabu. Watu wa klabu huijua sheria kwa namna ya mtu aliyewahi kupanga foleni kwa ajili yake.

Na lile bomba la maji? Usiliguse. Ukilikuta kwa mtu, ondoka. Mtutu wa kweli umetengenezwa kwa chuma kinachojulikana, na katika nchi kadhaa za Ulaya haupelekwi sokoni kabla haujapigwa kwa kipimo cha baruti kikubwa kuliko cha kawaida na kugongwa muhuri. Nyumba ya majaribio ya Birmingham imekuwa ikifanya kazi hiyo tangu 1813. Bomba halikupigwa na mtu yeyote wala halina muhuri, na baruti haioni haya.

Baruti ya gobore ni ile nyeusi ya tangu zama: shura sehemu 75, makaa 15, kiberiti 10. Kiberiti hapa ni ile madini ya manjano, si njiti za jikoni, na ndiyo inayolitia shati harufu ya mayai viza. Usijaribu kuichanganya mwenyewe, nunua iliyotengenezwa na kusagwa kwa vipimo. Punje zake zimepangwa kwa herufi F: F zikizidi, punje zinakuwa ndogo zaidi. FFg ni ya mitutu mikubwa, FFFg ni ya midogo na bastola, FFFFg ni unga mwembamba wa kuweka kwenye kisahani cha gumegume tu. Kwenye kaliba, yaani upana wa ndani wa mtutu, ya .50, ambayo ni milimita 12.7 na ndiyo inayouzwa sana kwa wanaoanza, wazee wanagombana kati ya FFg na FFFg kama watu wanaogombea mpira. Soma maandishi ya mtengenezaji wa bunduki yako, ugomvi huo utauingia baadaye.

Neno moja nitalisema kwa sauti kubwa kuliko mengine yote. Baruti ya kisasa, ile isiyo na moshi inayojazwa kwenye maganda ya risasi, isiingie kamwe ndani ya gobore. Hata kidogo, hata kwa kuchanganya, hata kama rangi yake ni nyeusi na rafiki yako anaapa. Shinikizo lake linapanda kwa namna ambayo mtutu huo haukuumbwa kulistahimili. Mitutu inapasuka, na inapasukia pale mkono wa kushoto ulipo. Zipo baruti mbadala zilizotengenezwa mahususi kwa gobore, kama Pyrodex, nazo ni halali yake, ila huhitaji joto kubwa zaidi kuwaka na kwa hiyo gumegume huzisusia.

Haya, tushindilie. Nitaeleza kama nilivyofundishwa, kwa gobore la fataki lenye mifereji inayozunguka ndani ya mtutu.

Unasimamisha bunduki, kitako ardhini kati ya miguu yako, mdomo wa mtutu ukielekea mbali na uso. Unatumbukiza mdeki mpaka chini, kisha unautoa na kuulaza nje sambamba na mtutu. Ncha yake inapaswa kufika karibu na ilipo chuchu. Isipofika, ndani mna kitu. Usicheke: magobore mengi ya kale yaliyotundikwa ukutani kwa vizazi yamekutwa na baruti na risasi ndani, yakimsubiri mjukuu mtundu. Kisha unavisha fataki tupu moja au mbili na kuzipiga, ukielekeza mdomo kwenye jani chini. Jani likitikisika, njia iko wazi na mafuta ya kabatini yameungua.

Baruti haitoki kwenye pembe, kile chombo cha kuibebea, kuingia mtutuni moja kwa moja. Inatoka kwenye pembe kuingia kwenye kipimo, pembe inafungwa na kuwekwa kando, ndipo kipimo kinamiminwa. Sababu yake ni rahisi: kama kuna kaa dogo limebaki ndani kutokana na mlio uliopita, heri kiwake kipimo kimoja kuliko pembe nzima iliyo mkononi. Kipimo chenyewe kinahesabiwa kwa greni. Gramu moja ina greni 15 na nusu hivi. Mimi kwenye .50 huanzia greni 50, yaani gramu tatu na kidogo.

Kisha kitambaa. Hiki ndicho kilichonishangaza kuliko vyote. Risasi ya duara haigusi mifereji ya mtutu hata kidogo. Mtutu una inchi 0.500, risasi ina 0.490, na anayejaza pengo ni kipande cha pamba au kitani kilichofumwa kwa kubana, kisichozidi unene wa nguo ya suruali. Kitambaa ndicho kinachoshika mifereji, kinaizungusha risasi, kinaziba gesi, kisha kinaachana nayo hatua chache mbele ya mdomo. Ukienda kuokota vitambaa vyako baada ya mlio utasoma habari: kikiwa na duara safi la moshi katikati, mambo sawa; kikiwa kimechanika au kimeungua matundu, kitambaa ni chembamba, kikavu, au mdomo wa mtutu una ukingo mkali.

Lazima kilainishwe. Wengine hutumia nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta, wengine mate tu. Mate yanafaa kama unapiga mara moja, ila yakikaa yanalowesha baruti. Suala la mafuta linaonekana dogo, lakini mwaka 1857 lilisaidia kuwasha uasi mkubwa India. Askari waliopewa bunduki mpya za Enfield walitakiwa kung'ata karatasi yenye kipimo cha baruti, na habari ikaenea kwamba karatasi hizo zimepakwa mafuta ya ng'ombe na ya nguruwe. Wahindu na Waislamu wakakataa kwa pamoja. Chuki ilikuwa na mizizi mingine mingi, lakini kilichowafikia mdomoni kilikuwa hicho.

Rudi mtutuni. Kitambaa kimelazwa mdomoni, risasi juu yake. Lugha yetu hapa imekuwa sahihi tangu mwanzo: risasi ni jina la chuma laini kile na ni jina la kinachopigwa, na kwenye gobore hivyo viwili ni kitu kimoja, risasi tupu, laini, isiyochanganywa na madini ya kuikaza. Unaipiga kwa kigongeo kifupi ili izame, kisha unashika mdeki. Shika karibu na mdomo wa mtutu, shuka shibiri moja moja. Ukishika kwa juu na kusukuma kwa uzito wa mwili, mdeki wa mti ukivunjika, kipande chake kinaingia kiganjani. Nimeona kovu la mtu aliyefanya hivyo na sikuhitaji maelezo zaidi.

Risasi lazima ikae juu ya baruti, iiguse, isiache nafasi. Risasi iliyokwama katikati ya njia, hewa ikiwa chini yake, inaweza kuvimbisha mtutu au kuupasua. Ndiyo maana mdeki una alama. Siku ya kwanza, ukiwa na kipimo chako na risasi yako mahali pake, unachora mstari kwenye mdeki usawa wa mdomo. Kuanzia hapo, kila unaposhindilia, mstari unakuambia ukweli: ukibaki juu, risasi haijafika; ukizama ndani, kuna kilichopungua.

Fataki inavikwa mwisho kabisa, ukiwa mstarini, mdomo ukitazama shabaha. Miwani ya kinga na vifunika masikio vimeshavaliwa zamani.

Nilipojifunza hayo yote nikadhani nimeyajua. Miezi miwili baadaye nilikuwa nimesimama mezani nikishindilia, jirani yangu wa kulia akaanza kunisimulia habari ya gari lake lililokataa kuwaka. Habari ilikuwa nzuri. Nikacheka, nikaweka kitambaa, nikaweka risasi, nikashindilia, nikasogea mstarini, nikavisha fataki, nikalenga kwa utulivu mkubwa, nikavuta.

Pa! Kamlio kadogo ka fataki, kisha kimya.

Nikabaki nimelenga, kama tulivyofundishwa. Dakika nzima unabaki umeelekeza shabahani, kwa sababu moto unaweza kuwa unajikokota ndani na bunduki ikaamua kulia wakati wewe unachungulia. Dakika hiyo ni ndefu kuliko unavyofikiri. Nikavisha fataki nyingine. Pa! Kimya. Nikasubiri tena. Msimamizi wa uwanja akainua mkono, na Mzee akaja taratibu, hana presha, ameshajua.

"Mwanangu, ulikuwa unaongea na nani wakati unashindilia?"

Sikujibu. Akaondoa fataki iliyokwishapigwa, akachukua mdeki wangu, akautumbukiza bila kusimama mbele ya mdomo. Mstari wangu mzuri ukazama ndani, zaidi kidogo ya upana wa kidole gumba. Ule upana wa kidole gumba ndio greni 50 nilizozisahau kwenye kipimo. Kilikuwa pale pale mezani, kimejaa, kinanitazama.

Akafungua chuchu kwa ufunguo wake, akadondosha punje za baruti kidogo kwa kidole, akairudisha, akahakikisha kwa mdeki kwamba risasi iko chini kabisa, akanirudishia. Bunduki ikakohoa, na risasi ikaanguka kwenye majani kabla ya nusu ya njia. Uwanja mzima ukapiga makofi. Nikaambiwa hakuna mtu wa gobore ambaye hajapitia hapo, tofauti ni kwamba wapo wanaosahau baruti na wapo wanaoimimina mara mbili. Wa kwanza wanapigiwa makofi. Wa pili wanaweza kupelekwa hospitali. Tangu siku hiyo nikianza kushindilia siongei na mtu, na mtu akiniongelesha katikati namwinulia kiganja. Wasionijua hudhani nina maringo.

Sasa kuhusu kulenga, ambako wengi hudhani ndiko ulipo ugumu. Gobore lenye mifereji likishindiliwa kwa namna moja kila mara linapiga vizuri kuliko watu wanavyoamini. Siri iko kwenye hayo maneno manne: namna moja kila mara. Nikianza na bunduki mpya napiga risasi tatu kwa greni 50, natazama matundu yalivyokaa, naongeza greni 5, napiga tatu nyingine, na kuendelea hivyo bila kuvuka kiwango cha mtengenezaji. Mahali fulani matundu matatu yatasogeleana kama ndugu. Hapo simama. Si lazima pawe mahali penye mlio mkubwa, na kwa kawaida si hapo. Nimewaona vijana wanaojaza baruti ili moshi upendeze kwenye picha. Shabaha zao huwa safi, unaweza kuziuza tena.

Kati ya mlio na mlio pitisha kitambaa chenye unyevu. Baruti nyeusi haiungui yote ikawa gesi. Zaidi ya nusu ya uzito wake inabaki kuwa moshi na masizi, na masizi hayo yakijengeka, risasi ya tano itakataa kushuka. Askari wa karne ya 18 walikwepa tatizo hilo kwa kutumia risasi ndogo kuliko mtutu, isiyo na kitambaa cha kubana, ndani ya mtutu usio na mifereji. Aliyefunzwa vizuri aliweza kupiga mara mbili hadi tatu kwa dakika, na kila mmoja alijua kwamba zaidi ya mita mia hivi kumlenga mtu mmoja ni bahati nasibu. Katika miaka ya 1840 kapteni wa jeshi la Ufaransa, Claude-Étienne Minié, alikuja na risasi ndefu yenye shimo kitakoni: inashuka kirahisi kwa kuwa ni nyembamba, na baruti ikiwaka kitako chake kinatanuka na kushika mifereji. Uvumbuzi mdogo wa namna hiyo ukazifanya bunduki za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani zifike mbali kuliko mbinu za majenerali wao.

Ukinogewa, mashindano yapo. Marekani chama cha taifa cha wapigaji magobore, NMLRA, kilianzishwa 1933, na uwanja wake uko kwenye kijiji kiitwacho Friendship, jimbo la Indiana. Kimataifa kuna MLAIC, chombo kinachosimamia mashindano ya magobore duniani, na kanuni yake naipenda kwa jinsi inavyoeleza mchezo wenyewe: dakika 30, risasi 13, na matundu 10 bora ndiyo yanayohesabiwa. Nusu saa kwa milio kumi na mitatu. Baadhi ya vipengele vyake vimepewa majina yenye historia. Kimoja, cha bunduki za utambi, zile za kale zinazowashwa kwa kamba inayofuka moto, kwa mita 50, kinaitwa Tanegashima, jina la kisiwa cha Japani ambako Wareno walifika mwaka 1543 wakiwa na bunduki za aina hiyo.

Nilipohamia gumegume, nilijifunza upya jambo moja: kubaki. Kati ya kuvuta kifyatulio na mlio kuna pengo. Si refu, lakini jicho linaliona: mwako pembeni ya shavu, kisha mlio. Mwili wote unataka kushtuka katikati ya hivyo viwili. Anayebaki ametulia, jicho kwenye shabaha, kana kwamba hakuna kilichotokea, ndiye anayepiga katikati. Mwangalie pia aliye upande wako wa kulia, kwa kuwa kitundu cha ubavuni kinatema moto kuelekea kwake. Mimi nilimchoma jirani mkono wa sweta, yule yule wa habari za gari. Tukawa tumelipana.

Risasi za kumimina mwenyewe ni raha nyingine, ila nitaipitia mbio kwa sababu inataka makala yake. Risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi. Mimina nje penye hewa, vaa glavu, osha mikono kabla hujashika chakula, na tone la maji lisikaribie sufuria: likiingia ndani linageuka mvuke kwa ghafla na kuirusha risasi ya moto usoni.

Turudi kwenye ndoo, maana siku yote inaishia hapo. Masizi ya baruti nyeusi yananyonya unyevu wa hewa kama chumvi iliyoachwa wazi. Mafuta ya bunduki ya kisasa hayayaondoi, maji ndiyo dawa yake. Mtu aliyezoea bunduki nyingine anaogopa kutia maji ndani ya mtutu. Ataacha kuogopa akishaona kinachotoka. Kwa gobore ambalo mtutu wake unachomoka, unautoa kwenye mti wake, unauzamisha upande wa nyuma kwenye ndoo, unafunga kitambaa kwenye ncha ya mdeki na kuupandisha na kuushusha kama pampu. Maji yanavutwa kupitia tundu la chuchu, yanapanda, yanashuka, yanatoka meusi kama wino, kisha ya kijivu, kisha safi. Halafu maji mengine ya kusuuza, vitambaa vikavu mpaka kimoja kitoke kama kilivyoingia, na mwisho mafuta kidogo.

Lifanyike siku hiyo hiyo. La kwangu la kwanza, nililolitamani miezi saba na kulinunua kwa fedha za kujinyima, nililirudisha nyumbani jioni moja nimechoka. Nikajiambia kesho. Kesho yake kazini kukawa na lake, nikafika usiku. Nilipopitisha kitambaa cha kwanza kikatoka na rangi ya matofali, na nilipomulika ndani kwa tochi nikaona, karibu na sehemu ya nyuma, vidoa vilivyokwisha kula chuma.

Nilimpelekea Mzee. Akalichungulia kwa muda mrefu, jicho moja limefumba.

"Litapiga," akasema. "Ila hapo kitambaa kitakuwa kinakwama kidogo kila unapopita. Utakuwa unasikia mkononi."

Na ndivyo ilivyo. Jana nimelirudisha kutoka uwanjani, nikaliosha kabla sijala, nikalipaka mafuta, nikalilaza. Asubuhi hii nimelipitisha tena, kwa sababu unyevu uliojificha huonekana siku ya pili. Mdeki ukashuka vizuri, ukagusa pale pake, ukakwama kidogo, ukapita. Kitambaa kikatoka na doa la rangi ya chai ya maziwa, si kubwa. Nikakata kingine.